Kabla ya Kuchimbwa Mrima, Deni la Titaniamu Lilipwe

Julai 2013, kampuni ya Cortec, tawi la Pacific Wildcat ya Kanada, ilitangaza kwamba mlima Mrima ulioko Kwale, Pwani ya Kenya, una madini ambayo thamani yake ingeweza kufika dola bilioni 62.4. Hesabu hiyo ilikuwa ya madini yangali ardhini. Haikugusa gharama ya kuyachimba, kuyasafisha na kuyasafirisha, haikusema taka zake zingewekwa wapi, wala haikumtaja mnunuzi. Lakini ilikwisha kutoka. Tangu siku hiyo Mrima hautajwi bila mabilioni yake, na watu wanaoishi chini ya mlima huo, wanaoamkia mashamba ya mihogo, mahindi na mikorosho, wamekuwa wakiambiwa kwamba wamekalia utajiri na hawajui.

Sasa mlima umerudi mezani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianza kulegeza marufuku ya leseni mpya za madini iliyokuwapo tangu 2019, na mwaka huo huo ikatangaza madini 14 kuwa ya kimkakati, niobiamu na madini adimu, ndiyo yanayotafutwa Mrima, yakiwa miongoni mwake. Mwaka 2025 kampuni mbili za Australia, RareX na Iluka, zilitangaza kuungana ili kuuwania Mrima. Maafisa wa ubalozi wa Marekani nao walifika kujionea. Madalali wa ardhi hawakubaki nyuma: wameingia vijijini kununua vipande vya mashamba kutoka kwa watu ambao wengi wao hawana hatimiliki na wanahitaji pesa za karo leo, si mabilioni ya miaka kumi ijayo.

Na wakazi wamegawanyika. Ukisoma taarifa nyingi kutoka huko utadhani upande mmoja unataka maendeleo na wa pili umeng'ang'ania mila. Mgawanyiko wa Mrima hauko hivyo, na yeyote anayetaka kuuelewa afadhali aanze kwa kuwasikiliza wanaounga mkono, kwa sababu hao ndio wanaopuuzwa zaidi na watetezi wa mazingira wanaotoka mbali.

Kijana wa Lunga Lunga, upande wa Mrima, aliyemaliza kidato cha nne ana njia chache. Atapanda kwenda Ukunda na Diani kutafuta kibarua cha hoteli, ambacho huja msimu wa watalii na kuondoka nao. Atachukua bodaboda ya mkopo. Au atabaki shambani akingoja mvua ambayo miaka mingine haiji. Jirani yake wa upande wa Msambweni aliona kitu kingine. Kwa zaidi ya miaka kumi kampuni ya Base Titanium ilichimba titaniamu Maumba na Nguluku, ikaajiri mafundi, madereva na wapishi, ikajenga madarasa na zahanati, ikalipia wanafunzi karo na kuwasaidia wakulima kurudia kilimo cha pamba. Migodi ile peke yake ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Kisha Desemba 2024 mchanga uliofaa kuchimbwa ukaisha, mitambo ikazimwa, na mishahara ikakoma. Anayetaka Mrima uchimbwe ameuona mshahara wa mgodi kwa macho yake na ameona unavyobadilisha nyumba. Hajahongwa na hajadanganywa. Huyo ana haki ya kusikilizwa kama mtu mzima.

Wanaopinga nao wameona kwa macho yao.

Mrima ni kaya. Ni moja ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na huu ni wa Wadigo. Wazee huingia humo kuomba mvua na kuondoa mikosi, na miti yake haikatwi hovyo kwa sababu ngambi, yaani baraza la wazee, ilikataza zamani sana kabla ya kuwapo kwa idara yoyote ya misitu. Serikali ilikuja baadaye kuuandika kuwa hifadhi ya msitu, kisha eneo la kumbukumbu la taifa. Wataalamu wa mimea wanaujua Mrima kwa mti uitwao Gigasiphon macrosiphon, wenye maua meupe makubwa, unaopatikana katika misitu michache tu ya Kwale na Tanzania. Wataalamu wa ndege nao wameuorodhesha miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Ni kilima cha mita 300 hivi tu, lakini ukitazama kutoka barabara ya kuelekea mpakani Horohoro unaona tofauti mara moja: pande zote mashamba na vichaka, katikati kijani kizito.

Anayesema kaya haiuzwi hasemi kwa ajili ya mizimu peke yake. Msitu huo ndio duka la dawa la waganga wa kienyeji, ndio kivuli cha chemchemi, na ndio ushahidi wa kudumu kwamba Wadigo walikuwapo pale kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Katika ukanda ambao maelfu ya familia bado huitwa maskwota kwenye ardhi walikozikwa babu zao, ushahidi wa namna hiyo ni mali. Msitu ukiondoka, kinachobaki kumthibitishia hakimu kwamba hawa ni wenyeji ni maneno ya wazee, na wazee hufa.

Hapa ndipo pande mbili zinapokutana, ingawa hazikai meza moja. Muunga mkono anauliza: nitalipwa nini, na nani atahakikisha? Mpinzani anauliza: nikihamishwa nitapelekwa wapi, na nani atahakikisha? Yote mawili ni swali la kuaminiana, na jibu lake halipatikani Mrima. Liko umbali mfupi kaskazini, kwenye mashimo ya titaniamu.

Mradi ule ulianza miaka ya 1990 ukiwa mikononi mwa kampuni nyingine ya Kanada, Tiomin. Wakulima waliukataa, wakaenda mahakamani, wakauchelewesha kwa miaka. Hatimaye familia za Nguluku na Maumba zilihama, na baadhi yao zikapewa ardhi Bwiti, upande wa Lunga Lunga, karibu na Mrima wenyewe. Yaani miongoni mwa majirani wa mlima huu wamo watu ambao tayari wameshawahi kung'oa nguzo za nyumba zao kupisha mgodi. Wanajua mnazi wa mtu huhesabiwaje siku ya fidia, na wanajua kwamba mnazi uliolipiwa mara moja ungezaa kwa miongo. Mtu kama huyo akisimama kwenye baraza la chifu na kuuliza maswali, anatumia uzoefu ambao hakuna mtaalamu wa Nairobi anayeweza kuushinda.

Kisha kuna mrabaha. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii inayoishi penye machimbo. Kwenye karatasi ni mgao unaoeleweka hata na mtoto wa shule. Lakini miaka mingi baada ya sheria kupitishwa, fungu la jamii lilikuwa bado limekwama kwenye mabishano: jamii ni nani, ipokee kwa akaunti ipi, kamati iteuliwe vipi, kanuni ziandikwe na wizara gani. Wakati mabishano yakiendelea meli ziliendelea kupakia Likoni. Mchanga uliondoka kwa ratiba na pesa za wenyewe hazikuwa na ratiba. Mtoto aliyezaliwa Maumba mgodi ulipopeleka shehena yake ya kwanza mwaka 2014 alikuwa darasani tayari mgodi ulipofungwa.

Mwandishi huyu hana shaka kwamba huo ndio msingi wa ugomvi wote wa Mrima. Serikali inataka kufungua mgodi mpya kabla haijafunga hesabu za ule wa zamani. Haiwezi kumwambia mkazi wa Lunga Lunga aamini asilimia 10 ya pili wakati jirani yake bado anaidai ya kwanza. Kila shilingi ya mrabaha ambayo jamii za titaniamu hazijapokea ilipwe, na hesabu zake zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya chifu, mwaka baada ya mwaka. Ardhi iliyochimbwa irudishwe katika hali ambayo mtu anaweza kulima, na ijulikane wazi ni nani ataimiliki. Mambo hayo mawili yakifanyika, mazungumzo ya Mrima yatapata sauti nyingine kabisa. Yasipofanyika, kila ahadi itakayotolewa chini ya mwembe wowote wa Kwale itasikika kama ile ya mwanzo.

Hata hivyo, deni likilipwa lote, Mrima bado hautakuwa Maumba. Hili halijaelezwa vya kutosha kwa wananchi, na ni zito.

Titaniamu ya Kwale ilikuwa mchanga. Mchanga uliporomoshwa kwa maji yenye nguvu, ukapitishwa kwenye mitambo inayotenganisha madini mazito na mepesi, yaliyo mazito yakakaushwa na kupakiwa kwenye malori. Kazi kubwa ilikuwa maji, na ndiyo maana kampuni ilijenga bwawa kwenye mto Mukurumudzi. Madini adimu ya Mrima hayaji hivyo. Yamefungwa ndani ya mwamba na udongo pamoja na thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Ili kuyapata, mara nyingi mawe husagwa, yakachomwa pamoja na asidi ya salfa kwa joto kali, yakaoshwa, na kinachobaki kikawa tope lenye thoriamu. Tope hilo halina mnunuzi. Hukaa.

Wanasayansi wameupima mlima huu kwa miaka mingi, tangu wanajiolojia walipoanza kuuchunguza miaka ya 1950, na vipimo vya watafiti wa Kenya vimeonyesha mionzi ya asili iliyo mara kadhaa zaidi ya wastani wa dunia. Hilo halina maana kwamba wakazi wakimbie. Mionzi hiyo imekuwapo tangu enzi, na msitu pamoja na udongo wa juu vimeifunika. Swali ni nini kitatokea udongo huo ukifunuliwa, vumbi likapeperuka hadi kwenye visima na paa za nyumba zinazokinga maji ya mvua. Hakuna mkazi anayepaswa kusaini chochote kabla ya kupimwa, yeye na kisima chake, na watu wasiolipwa na kampuni, na majibu kuandikwa kwa lugha anayoisoma. Vipimo vya kabla ya mgodi ndivyo vitakavyomtetea baada ya miaka 20 akidai kwamba maji yake yameharibika. Bila hivyo wakili wa kampuni atasema tu kwamba mionzi ilikuwapo, na atakuwa amesema kweli.

Wananchi wa Bukit Merah, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, waliyapitia haya. Kiwanda cha madini adimu kilifunguliwa kwao mwaka 1982, kikiwa na ubia wa Mitsubishi. Mwaka 1985 wakazi walikwenda mahakamani wakilalamikia taka zenye thoriamu. Kilifungwa miaka ya 1990, na kazi ya kuondoa na kuzika taka zake ikagharimu takriban dola milioni 100. Kiwanda kilifanya kazi kama miaka 10 tu. Usafishaji wake ulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Wakenya wana mfano wao pia, mdogo zaidi na wa karibu zaidi: Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi katikati ya makazi kikiwa na vibali. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikafutwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Sumu haikungoja kesi iishe.

Wapo wanaosema Kenya haiwezi kukaa inatazama tu. China inatawala usafishaji wa madini adimu duniani, na mwaka 2025 ilipobana mauzo yake nje, viwanda vya magari vya Ulaya, Japani na Marekani vilitikisika. Sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo zinahitaji neodimiamu. Niobiamu, inayoongezwa kwenye chuma ili kiwe imara bila kuwa kizito, hutoka kwa sehemu kubwa sana Brazili. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaelekea upande usio wa wale wanaoitumia. Mali inayohitajiwa na wakubwa wote kwa wakati mmoja haina sababu ya kuuzwa kwa pupa. Mwamba huo umekaa hapo mamilioni ya miaka. Ukingoja mitatu mingine hauozi, na bei inayotolewa leo na mtu mwenye haraka huenda kesho ikawa bora.

Jirani Tanzania ametoa somo moja hapa. Mgodi wa madini adimu wa Ngualla mkoani Songwe ulipewa leseni maalumu mwaka 2023 kupitia kampuni ya ubia ambamo serikali ina hisa asilimia 16 zisizolipiwa, kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ya Tanzania baada ya mageuzi ya 2017. Sheria ya Kenya inatoa asilimia 10. Tofauti ya sita si ya kudharauliwa kwenye mgodi wa ukubwa huo, na kabla ya zabuni yoyote wabunge wa Kenya wangepaswa kuulizana kwa nini mwamba wa Kwale uwe rahisi kuliko wa Songwe.

Kuna pia kisa cha Cortec chenyewe, ambacho kila mtetezi wa Mrima anapaswa kukijua vizuri. Leseni yake ilitolewa Machi 2013, siku zile zile za uchaguzi mkuu. Agosti mwaka huo Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, aliifuta pamoja na nyingine zilizotolewa kipindi cha mpito. Kampuni ilikwenda mahakama za Kenya ikashindwa, kisha ikaipeleka nchi kwenye mahakama ya usuluhishi wa uwekezaji iliyo chini ya Benki ya Dunia ikidai takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 ilishindwa tena. Wasuluhishi hawakuamua kwa kuhurumia kaya. Walisema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa hakukuwa na tathmini ya mazingira iliyokamilika kama sheria inavyodai, na ardhi yenyewe ilikuwa hifadhi ya msitu na eneo la kumbukumbu la taifa. Yaani zile karatasi zilizotangaza msitu kuwa hifadhi, ambazo watu wengi waliziona ni urasimu, ndizo zilizoiokoa Hazina ya Kenya na hasara ya mabilioni.

Kwa hiyo yeyote atakayewaambia wakazi kwamba tathmini ya mazingira inachelewesha maendeleo, akumbushwe kilichotokea. Utaratibu uliorukwa ndio uliomwangusha mwekezaji. Na mwekezaji makini, anayetaka kukaa miaka 30, atapenda utaratibu huo ufuatwe hatua kwa hatua mbele ya watu kuliko kupewa leseni usiku na kuikosa asubuhi.

Inabaki kaya. Sheria inaweza kuondoa hadhi ya hifadhi. Bunge na mawaziri wana uwezo huo. Lakini kushirikisha umma, ambako Katiba ya 2010 inakudai, hakuna maana yoyote kama jibu la hapana haliruhusiwi. Mkutano ambao mwisho wake umeshaandikwa kabla viti havijapangwa ni kupoteza muda wa wazee. Kama ngambi na wanakijiji, wanawake na vijana wakiwamo, watasema sehemu ya juu ya mlima isiguswe, hiyo iwe mipaka ya mradi. Na kama watasema mlima wote usiguswe, nchi inapaswa kuwa na ujasiri wa kuliheshimu jibu hilo. Watakaoumia kwa hapana hiyo ni vijana wale wa bodaboda, na serikali itakuwa na deni kwao: maji ya kumwagilia, kiwanda cha korosho, hatimiliki za mashamba ambazo benki inaweza kuzikubali. Mambo hayo hayakuhitaji niobiamu kuanza.

Kifungu cha 71 cha Katiba kinataka mikataba mikubwa ya maliasili iidhinishwe na Bunge. Wabunge wa Kwale na maseneta wa Pwani wasingoje mkataba ufike umeshasainiwa. Waudai sasa, ukiwa rasimu: mgao wa hisa, mahali taka za thoriamu zitakapowekwa na nani atazilinda mgodi ukifungwa, dhamana ya fedha za kuzisafisha ikiwa benki kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa, na orodha ya kila familia itakayohama pamoja na ardhi itakayopewa. Rasimu hiyo isomwe Lunga Lunga kwa Kiswahili na Kidigo kabla ya kusomwa Nairobi, na wakazi wapewe nakala waende nazo nyumbani.